Mtaa wetu unapata lami. Je, njia ya miguu ni anasa ya Uholanzi?

*"Mimi ni mjumbe wa kamati ya mradi katika mtaa wetu, pembezoni mwa Dar es Salaam. Barabara yetu ya vumbi, urefu wake kilomita 1.4, itawekwa lami. Eneo lililopo ni mita 12 kutoka ukuta hadi ukuta. Mchoro tulioonyeshwa una lami ya mita 7, mabega ya lami ya mita moja na nusu kila upande, kisha mitaro ya wazi. Shule ya msingi iko katikati ya barabara hiyo na watoto karibu wote wanatembea. Nilipouliza njia ya waenda kwa miguu iko wapi, nikajibiwa watatembea begani. Nilipouliza njia ya baiskeli, wakacheka, wakasema hayo ni mambo ya Uholanzi, hapa watu wanataka magari. Wengine wanasema tutaomba matuta mbele ya shule na yatatosha. Zaidi ya hapo, kuna jirani anataka kuziba kichochoro ambacho watoto wanakitumia kwenda shule, anasema vibaka wanapitia hapo. Mhandisi anakuja kukutana nasi baada ya wiki mbili. Je, nawasumbua wenzangu bure?"*

Dada yangu, husumbui bure. Tena umeuliza kwa wakati. Maswali mengi ya namna hii hunifikia mkandarasi akiwa ameshaondoka, kuna mtoto kagongwa, na kilichobaki mkononi mwa wananchi ni kuandika barua ya kuomba tuta. Wewe bado una mchoro, na mchoro unafutika kwa raba.

Nikisoma barua yako naona wenzako kwenye kamati wanaamini kwamba mwendo wa gari ni tabia ya dereva. Dereva mstaarabu atakwenda polepole, asiye mstaarabu atawekewa tuta au atakamatwa na trafiki. Ni imani ya kawaida, hata wahandisi wapo wanaoishi nayo. Kazi yangu imenifundisha vingine. Watu walewale, pikipiki zilezile, huenda kwa mwendo tofauti kabisa kwenye barabara mbili zilizopishana mita chache tu za upana. Anayepanga mwendo ni aliyechora barabara, na dereva anauitikia tu.

Angalia barabara yenu ilivyo leo. Nadhani hata bodaboda mwenye haraka kiasi gani hafiki mbali bila kukanyaga breki, maana kuna shimo, kuna dimbwi lisilokauka, kuna jiwe lililochomoza ambalo kila mtu mtaani analijua. Hayo mashimo mnayoyalalamikia ndiyo matuta yenu. Hakuna aliyeyapanga wala kuyalipia, lakini yamewalinda wale watoto miaka yote hiyo. Lami ikimwagwa mtayafukia yote kwa siku chache, na msipoweka kitu kingine mahali pake, mwendo utapanda kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 50 na kuzidi. Simaanishi mbaki na vumbi. Vumbi lina maradhi yake, na mgonjwa hawezi kusubiri dimbwi likauke. Nasema mjue kwamba lami inaondoa kitu ambacho hamkujua kama mnacho.

Sasa tuje kwenye mchoro. Karatasi inasema lami mita 7 na mabega mita 3. Dereva hana karatasi. Anachokiona mbele yake ni uwanja mweusi wa mita 10, umenyooka, hauna kitu cha kumbana, na mguu wake wa kulia unaitikia kile ambacho macho yameona. Upana wa mita 10 ni mkubwa kuliko barabara nyingi za kwenda mikoani za zamani. Kwenye barabara ya mtaa wenye shule katikati, huo ni mwaliko.

Mtoto wa shule ya msingi huvuka kwa mwendo wa kama mita moja kwa sekunde, hasa akiwa na mzigo au amemshika mwenzake. Mita 10 za lami ni sekunde 10. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hutembea karibu mita 140 ndani ya hizo sekunde 10. Ina maana mtoto, ili avuke salama, anatakiwa aione barabara tupu kwa mita 140 kulia na mita 140 kushoto, na akadirie mwenyewe kwamba kile kinachoonekana kule mbali hakitamfikia. Mtoto wa miaka saba hana uwezo huo, hata umfundishe vipi, kwa sababu kukadiria mwendo wa kitu kinachokuja ni ujuzi unaokomaa baadaye. Punguza lami iwe mita 6 na mwendo uwe 30, hesabu inageuka. Sekunde 6, na gari limetembea mita 50 tu. Umbali huo mtoto anauona na anauelewa.

Kuna hesabu ya pili ambayo ningependa uiseme kwenye mkutano, maana wanaume wanaoendesha magari huielewa haraka. Dereva akiona hatari, sekunde nzima hupita kabla mguu haujakanyaga breki. Kwa mwendo wa 50 sekunde hiyo ni karibu mita 14, na baada ya hapo gari linahitaji mita nyingine kama 14 kusimama, hapo lami ikiwa kavu na breki zikiwa nzima. Kwa mwendo wa 30, sekunde ileile ni mita 8, na breki mita 5. Jumla 13. Sasa chukua mtoto aliyechomoka ghafla mita 14 mbele. Gari la 30 limeshasimama, dereva anatukana kwa hofu, mtoto anakimbia. Gari la 50 ndiyo kwanza mguu unafika kwenye breki, na linampiga likiwa na 50 ileile.

Pigo lenyewe haliongezeki sawasawa na mwendo, linaongezeka kwa mraba wake. Kati ya 30 na 50 nguvu ya pigo inakuwa karibu mara tatu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba mtembea kwa miguu akigongwa kwa 30 ana nafasi kama tisa kati ya kumi za kupona, na kwamba juu ya hapo nafasi hiyo hushuka haraka. Ndiyo maana pia mawaziri waliokutana Stockholm Februari 2020 walikubaliana kwamba mahali ambapo watu na magari wanachanganyika mwendo usizidi 30, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliunga mkono azimio lao mwezi Agosti mwaka huohuo. Kwetu Tanzania kiwango cha jumla kwenye maeneo ya makazi bado ni 50. Kibao cha 50 mkiwekewa, msikishangilie.

Nirudi kwenye lile jibu walilokupa, "watatembea begani". Mwaka mmoja nilikuwa nahesabu watu mbele ya shule moja ya msingi, kazi ya kuchora vijiti kwenye daftari kuanzia saa 12 na nusu asubuhi. Barabara ilikuwa na mabega mazuri ya lami, mapya. Begani palikuwa na bajaji mbili zimeegeshwa, rundo la mchanga wa mtu anayejenga, na meza ya maandazi. Akaja msichana wa kama darasa la tatu, mkono mmoja kamshika mdogo wake wa awali, mkono mwingine ana fagio na kidumu cha maji. Akasimama nyuma ya bajaji, akachungulia. Kichwa chake hakikufika usawa wa kioo cha nyuma, kwa hiyo aliyekuwa akija asingeweza kumwona, na yeye alikuwa akiona nusu ya barabara. Akasubiri. Akamvuta mdogo wake wakakimbia, na kidumu kikamponyoka katikati. Nilimwona anageuka, anataka kurudi kukichukua. Hakurudi, kaka mmoja wa bodaboda alimpigia honi, na tairi lake likakipitia kile kidumu.

Bega ni mali ya gari lililoharibika, na baada ya hapo ni mali ya kila anayetafuta pa kusimama. Mwezi wa kwanza linakuwa na nafasi. Mwezi wa tatu kuna kijiwe cha bodaboda. Na kwa kuwa liko usawa mmoja na barabara, hakuna kinachomzuia dereva kulitumia kupita foleni. Njia ya miguu ni kitu kingine. Imeinuliwa kwa mawe ya ukingo ya sentimita 15, haina gari juu yake, na upana wake ni mita mbili. Mbili siyo namba ya kupendeza tu: viti viwili vya magurudumu vikipishana vinataka mita 1.8, na mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani akipishana na mwenzake hawataki pungufu ya hapo.

"Sawa, lakini nafasi hakuna." Hilo ndilo watakalokuambia, na hapo ndipo nataka uwe na kalamu. Mchoro wao: lami 7, mabega 3, mitaro 2. Jumla 12. Mchoro ninaoupendekeza: lami 6, njia za miguu mita 2 kila upande, mitaro iliyofunikwa mita 1 kila upande. Jumla 12. Hakuna ukuta unaobomolewa, hakuna kiwanja kinachomegwa, hakuna fidia. Kwa urefu wa kilomita 1.4 mmepunguza lami kwa mita 4 za upana, yaani meta za mraba 5,600. Kiasi hicho cha lami ni pesa nyingi. Sehemu yake italiwa na slabu za kufunikia mitaro, kwa kuwa slabu si rahisi, na sehemu nyingine na matofali ya zege ya kupanga kwenye njia ya miguu. Sitakudanganya kwamba mchoro wangu ni wa bei nafuu. Mara nyingine unazidi kidogo, inategemea udongo na mitaro yenyewe. Ila si kweli kwamba ni wa bei ya Ulaya.

Je, mita 6 zinatosha magari? Lori upana wake ni kama mita 2.5. Malori mawili yanapishana kwenye mita 6, ila kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo tunayoitafuta. Zimamoto linapita. Daladala likisimama kupakia, gari la nyuma litasubiri. Hili watalilalamikia na wana haki, kwa hiyo waambie ukweli: kupita mtaa wenu mzima kwa 50 ni sekunde 101, kwa 30 ni sekunde 168. Mnachojadiliana ni dakika moja na sekunde saba. Muulize mwenyekiti, mbele ya watu, kama dakika moja hiyo ni bei kubwa.

Kuhusu baiskeli, wewe na wenzako nyote mmekosea kidogo. Wao wamekosea kucheka. Mnyonge gani asiyejua baiskeli hapa kwetu? Nenda Shinyanga, nenda Tabora, nenda Tanga, uone nani anabeba mkaa, maziwa, samaki na abiria. Hata neno bodaboda, kabla halijawa la pikipiki, lilikuwa la baiskeli za mpakani kati ya Kenya na Uganda. Hata hapo Dar, simama saa 12 asubuhi uone mafundi na wauza mboga. Usichokiona ni wanawake na watoto juu ya baiskeli, na sababu yake si utamaduni. Ni kwamba wanapenda kuishi.

Na hao Waholanzi hawakuzaliwa na njia za baiskeli. Baada ya vita kuu ya pili walipanua barabara na kubomoa mitaa kuyapisha magari kama tunavyofanya sisi. Mwaka 1971 barabara zao ziliua watu wapatao 3,300, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani na mabango, wakaita kile kilichokuwa kikitokea mauaji ya watoto, kisha mwaka 1973 ikaja shida ya mafuta na serikali ikasikia. Njia unazoziona leo kwenye picha zilidaiwa na akina mama kama wewe.

Wewe nawe umekosea hapa: kwenye barabara yenu njia ya baiskeli ya peke yake haihitajiki. Baiskeli hutengwa pale magari yanapokwenda kasi, kama Barabara ya Morogoro, ambako mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 njia za miguu na baiskeli zilijengwa kandokando. Mwendo ukiwa 30 au chini, baiskeli hukaa ndani ya barabara pamoja na magari, na ndivyo hata mitaa ya makazi ya Uholanzi ilivyo. Ukidai njia ya baiskeli kwenye mita 12 utaipata kwa kuila njia ya miguu, halafu itakuwa ya bodaboda kufikia Ijumaa. Dai mwendo mdogo, baiskeli itakuwa imepata chake humohumo.

Sasa matuta. Sina ugomvi nayo, ila yanapewa kazi isiyo yake. Mkiweka matuta mawili mbele ya shule na kuacha barabara pana pembeni, dereva anapunguza hapo kisha analipiza mbele, na watoto hawaishi getini mwa shule. Wanatoka kilomita nzima ya mtaa. Tuta lifanye kazi kwa urefu wa barabara, liwepo kila baada ya mita 80 hivi, ili kusiwe na nafasi ya kushika kasi katikati.

Umbo nalo. Wananchi wakijijengea wenyewe hujenga kitu kifupi chenye kona, kama mtu kazikwa hapo. Kinavunja springi, kinamtesa mgonjwa aliyelala kwenye gari la wagonjwa, na mjamzito. Tuta zuri ni refu na la mviringo. Lile lililobuniwa Uingereza miaka ya 1970 na kuigwa duniani kote lina urefu wa mita 3.7 kwa kimo cha sentimita 10, na ukilipita kwa 25 hulisikii sana, ukilipita kwa 50 unajuta. Mbele ya shule ombeni zaidi ya tuta. Ombeni kivuko kilichoinuliwa, yaani zebra iliyochorwa juu ya tuta pana lenye kilele bapa, lililo usawa mmoja na njia ya miguu. Hapo mtoto hashuki barabarani, gari ndilo linalopanda kwenye njia ya mtoto. Zebra iliyochorwa chini kwenye lami tambarare ni rangi tu.

Halafu angalia kingo. Umeshawahi kuona bodaboda inavyopita tuta? Haipiti juu, inazunguka kwenye ule upenyo wa pembeni, kwenye bega, yaani hasa pale mlipowaambia watoto watembee. Kwenye mchoro wenye mabega, kila tuta mtakalojenga litazisukuma pikipiki kwa watembea kwa miguu. Tuta lienee kutoka jiwe la ukingo hadi jiwe la ukingo, na maji yapite chini au kwenye upenyo mwembamba usiotosha tairi kupenya kwa raha. Mtaambiwa pia muweke nguzo fupi za zege kuzuia pikipiki kupanda njia ya miguu. Wekeni, ila mkizibana sana mnamfungia nje mwenye kiti cha magurudumu, na mkiacha nafasi ya kumtosha yeye, mita 1.2 hivi, pikipiki nayo inapenya. Hakuna nguzo inayomjua nani ni nani. Hapo mnahitaji mazungumzo na kijiwe cha bodaboda, na viongozi wao nimeona mara nyingi wanasikia kuliko tunavyodhani, hasa wakiwa wametengewa mahali pao rasmi pa kusimama.

Hilo la kutengewa mahali lina uzito kuliko linavyoonekana. Dar es Salaam ilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018 kwa sababu ya mwendokasi na njia zake za miguu, na bado zipo sehemu ambazo njia hizo utazikuta zimejaa bidhaa mpaka unashuka barabarani. Mpangaji aliyechora njia na kumsahau mama wa genge amechora genge. Mtaa wenu una wauza mboga, chipsi, vocha, na mkaa, na hawaendi popote, kwanza ndio macho ya mtaa usiku. Tafuteni sehemu tatu au nne ambapo ukuta umerudi nyuma, au kwenye makutano yenye kipande cha ziada, mziandike kwenye mchoro kuwa ni za biashara ndogondogo. Na pandeni mwarobaini hapo, kwa sababu njia isiyo na kivuli saa nane mchana hutumiwa na mbwa.

Mifuniko ya mitaro iwe ya zege, isiwe ya chuma. Unajua kwa nini: chuma huibwa.

Kama mhandisi atasema pesa haitoshi kwa njia mbili, msikubali mara moja kurudi kwenye mabega. Kuna njia ya katikati: njia moja ya miguu upande wa shule, yenye upana wa mita mbili na nusu, na upande wa pili uachwe umeshindiliwa vizuri kwa changarawe, umeinuliwa, kusubiri awamu nyingine. Ni pungufu, maana watu wa upande wa pili watatembea barabarani mvua ikinyesha. Lakini lami iliyobaki mita 6 haiongezeki baadaye, wakati changarawe inaweza kuwa njia. Mkianza na lami ya mita 10, sijawahi kuona mtaa ulioirudisha nyuma.

Na usidhani haya ni ya kwenye karatasi tu. Hapohapo Dar es Salaam shirika la Amend limekuwa likifanya marekebisho madogo kwenye shule zenye ajali nyingi: njia za miguu, vivuko, matuta, nguzo, na kuhamisha geti la shule litazame upande wa salama. Utafiti uliofanywa ukilinganisha shule zilizorekebishwa na ambazo hazijarekebishwa ulikuta majeruhi wamepungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya WRI Ross ya miji. Geti la shule yenu limekaaje? Likifungukia moja kwa moja barabarani, kulihamishia pembeni huenda ni kazi ya fundi mmoja kwa wiki moja.

Nimeacha kichochoro mwisho, lakini kama ungeniambia nichague vita moja tu, ningechagua hiyo. Watu hutembea pale ambapo kwa miguu ni karibu. Kichochoro kikiwepo, mtoto yuko mita 300 kutoka shule na hakutani na gari. Kikizibwa, anazunguka kwenye barabara kubwa kilomita nzima, na mwaka ukiisha mzazi mwenye uwezo anamkodia bajaji, bajaji zinaongezeka mbele ya geti, na asiye na bajaji anapata taabu zaidi. Mtaa mzima unageuka wa magari kwa sababu ya ukuta wa mtu mmoja. Makazi yetu mengi yasiyopimwa yana hazina hii ya vichochoro ambayo mitaa iliyopimwa ya matajiri haina, na kazi ya urasimishaji, yaani kuyapima na kuyamilikisha, ndiyo wakati inapopotea au inapookolewa.

Jirani yako msimdharau, hofu yake ni ya kweli. Ila kibaka hapendi kichochoro kwa sababu kipo. Anapenda chenye giza, chenye kona ya kujificha, ambacho hakuna dirisha linalokitazama. Wekeni taa moja kila mwisho, kateni majani, ombeni wenye kuta ndefu watoboe sehemu ya juu au waweke nondo badala ya tofali, na kipite watu wengi zaidi badala ya wachache. Kiwe na mita mbili, tatu kama inawezekana. Kisha mtafute mpimaji au afisa ardhi akiweke kwenye ramani kama njia ya umma. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua haki ya njia, lakini njia ambayo haiko kwenye ramani yoyote ni ngumu sana kuitetea siku kiwanja kikiuzwa.

Hapa ndipo mimi wa mbali nafikia mwisho wa uwezo wangu. Kona yenye mteremko, daraja au kalavati, eneo linalofurika masika, hayo yanamtaka mtu asimame pale aangalie. Mwombeni mhandisi wa wilaya wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, atembee barabara yote pamoja nanyi kabla ya mkutano, kwa miguu, asubuhi watoto wakienda shule, asiipite kwa gari saa tano. Mkikuta ukuta wa mtu umeingia kwenye eneo la barabara, msibishane naye ninyi, mwiteni mpimaji. Ikihitajika kumega kiwanja chochote, msikubaliane fidia mdomoni, mthamini aje. Kichochoro kikizibwa kabla hamjakubaliana, anzeni ofisi ya mtaa na kata, na mkishindwa hapo mtafuteni mwanasheria kuhusu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa hizo wiki mbili zako, fanya mambo mawili. Siku moja ya shule, kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi, kaa mbele ya shule na kijana mmoja wa kukusaidia, hesabuni watu: wanaotembea, walio kwenye baiskeli, kwenye pikipiki, kwenye bajaji, kwenye magari. Watu, siyo vyombo, na gari lenye dereva peke yake ni mtu mmoja. Nenda na hilo daftari mkutanoni. Halafu Jumamosi azima tepu ya mita 30 upime kutoka ukuta hadi ukuta sehemu tano tofauti, maana mita 12 za kwenye mchoro mara nyingi hazipo chini kote. Ukikuta mahali pana mita 10 na nusu, usiruhusu njia ya miguu iwe ya kwanza kukatwa. Lami iwe mita 5 na nusu, njia za miguu zibaki mbili za mita mbili mbili, na mtaro uwe mmoja wa mita moja upande wa chini, barabara ilalie huko. Mhandisi anajua kulifanya hilo. Kipande kikiwa chini ya hapo, niandikie tena na vipimo vyenyewe.